Gari la Chama na Somo Tulilolilipia

Hotuba iliyosomwa na Halmashauri Ndogo ya Gari mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Desturi ya mkutano wetu ni kwamba kila halmashauri husimama ikaeleza yale iliyoyafanya katika mwaka, mema na mabaya, kisha wanachama wakahukumu. Sisi tuliopewa dhamana ya kulitunza gari la Chama tunayo mema machache ya kueleza, na baya moja kubwa. Tumeona heri tuanze na lile baya, maana ndilo lililotufundisha yote tutakayowaambia leo. Mficha uchi hazai.

Gari lenyewe mwalijua nyote. Ni Peugeot 504 yenye mgongo mrefu, ambayo imewachukua wagonjwa wetu hospitali, na wafu wetu kutoka hapa Mombasa hadi makwao bara. Magari ya jina hilo yalianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968, yakaunganishwa hapa hapa Kenya kwa miaka mingi, na yalishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Hatuyasemi hayo kwa kujisifu. Twayasema ili ikumbukwe kwamba gari letu, ijapokuwa ni kuukuu, liliundwa kwa barabara mbaya na watu wa kawaida. Halina kompyuta ndani yake. Aghalabu ya makosa yake huonekana kwa macho, husikika kwa masikio, na hutengenezwa kwa spana chache mbele ya nyumba.

Sasa tusikieni kosa letu.

Usiku mmoja mke wa mwanachama mwenzetu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Gari lilikwenda likafika mlangoni, na dereva akazima injini wakati mama alipokuwa akitolewa ndani. Alipougeuza ufunguo tena, ulisikika mlio mmoja tu, “ka!”, kisha kimya. Mahali penyewe ni mchanga mtupu, gari halisukumiki. Kila mtu akatoa shauri lake, na sauti zikawa nyingi kuliko mikono. Mwishowe mama alipakiwa katika mkokoteni hadi barabara kuu, na mtoto akazaliwa ndani ya pikapu ya mchuuzi wa mboga kabla ya kufika hospitali. Kwa rehema za Mungu mama na mtoto ni wazima, nao wako nasi katika ukumbi huu. Lakini twajua sote kwamba huenda tungekuwa tunasoma habari nyingine leo.

Asubuhi yake tulimwita fundi, tukamwambia, “Betri imekufa.” Naye akatuuzia betri mpya. Siku tisa zikapita, gari likakataa tena. Tukamwambia, “Basi ni stata.” Naye akatuuzia stata. Fedha hizo zilitoka katika mfuko wa mazishi, kwa idhini yetu sisi na Mweka Hazina. Wiki mbili hazikwisha, gari likakataa mara ya tatu, jeneza likiwa tayari limepandishwa. Wanachama wengine wakaanza kunong’ona kwamba gari liuzwe kwa bei ya chuma.

Ndipo alipokuja mzee wetu mmoja, aliyekuwa dereva wa lori kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Hakushika spana. Aliuliza kwanza, “Wanangu, usiku ule mwanamke alipokuwa na uchungu, taa za gari zilikuwaje?”

Tukamjibu, “Ziliwaka kwa nguvu, Mzee. Ndizo zilizotumulikia tukampakia mkokotenini.”

Akasema, “Basi betri mliibadili kwa kosa gani?”

Hatukuwa na jibu. Mzee akafungua boneti, akapitisha vidole juu ya waya wa choki, ule avutao dereva asubuhi, akaukuta umeungua ganda lake. Akasema kwamba moto wa umeme unatafuta njia ya kurudi nyumbani, na njia yake halisi imefungwa. Akainama chini ya injini, akatuonyesha mkanda wa waya unaounganisha injini na bodi, ambao mafundi huuita athi. Chumvi ya bahari ilikuwa imeula hata zikabaki nyuzi chache za kijani. Alichukua waya mnene, akaunganisha ncha hasi ya betri na chuma cha injini, akaamuru ufunguo ugeuzwe. Injini ikazunguka mara moja. Mkanda mpya ulitugharimu fedha ambayo mtu mmoja angeweza kuitoa mfukoni bila kumwuliza mkewe.

Ndugu zetu, hatumlaumu fundi peke yake. Hatukumpelekea swali, tulimpelekea jibu, naye akatuuzia jibu tulilolitaka. Gari lilikuwa limekwisha kutuambia ugonjwa wake tangu usiku wa kwanza. Taa zinazowaka vizuri wakati stata haisogei zatangaza kwamba betri inazo nguvu, ila nguvu hizo hazifiki zinakotakiwa. Sisi tulikuwa tumesimama ndani ya mwanga wa taa hizo hizo, wala hatukuuona ushahidi wake.

Tangu siku hiyo tumejiwekea sheria tatu. Ya kwanza, kulisikiliza gari kabla ya kuligusa. Ya pili, kuanza na kilicho karibu na rahisi kabla ya kukiendea kilicho mbali na ghali. Ya tatu, kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kukiandika katika daftari, ili tujue ni kipi kilichoponya. Wengi wenu mnayo magari yenu ya zamani, na twapenda sheria hizi ziwafae nanyi pia.

Tuanze na gari lisiloamka. Washeni taa kubwa, kisha geuzeni ufunguo. Taa zikififia sana au kuzimika, shaka yenu na iwe juu ya betri au juu ya vifungo vyake. Taa zikibaki na nguvu zake ilhali stata haizunguki, tazameni waya zinazokwenda kwenye stata, athi ya injini, kisha swichi ya stata yenyewe. Mwenye kipimo cha umeme ataona kwamba betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma karibu 12.6, na ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu hivi ya nguvu zake. Injini ikiunguruma, kipimo chapaswa kupanda hata kufika karibu 14. Kisipopanda, betri haipati chakula: tazameni mkanda wa feni kama umelegea, kisha altaneta.

Vifungo vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, vimwagieni maji ya moto yenye magadi kidogo, visuguliwe kwa brashi ya waya, vikazwe, vipakwe grisi. Maji hayo yasiingie ndani ya betri. Katika kufungua, ncha hasi hutangulia kutolewa, na katika kufunga hiyo ndiyo huwa ya mwisho. Pete na saa za chuma zivuliwe. Wala pasiwe na sigara wala kibiriti karibu, kwa kuwa betri hutoa hewa iwezayo kulipuka usoni mwa mtu.

Pili, gari ambalo stata yake yazunguka vizuri lakini injini haishiki. Hapo kuna maswali mawili: je, moto upo? Je, petroli ipo? Aanzaye kufungua kabureta kabla ya kujibu maswali hayo apoteza siku yake.

Kuujua moto, fungueni plagi moja, ivisheni waya wake, ilazeni ili chuma chake kigusane na chuma cha injini, mbali na petroli, wala msiishike kwa mkono mtupu. Mtu mwingine na ageuze ufunguo. Cheche ya buluu yenye mlio ni njema. Cheche ya manjano iliyo dhaifu, au kutokuwapo kabisa, yatupeleka kwenye distribyuta. Katika magari ya zamani, ndani yake mna pointi mbili ndogo zinazofunguka na kufumba. Zikiungua husafishwa kwa msasa laini, kisha nafasi yake hupimwa. Katika magari mengi ya silinda nne nafasi hiyo ni karibu milimita 0.4 au 0.5, ila kitabu cha gari lenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Pointi zikiungua tena baada ya siku chache tu, shaka iende kwa kondensa iliyo kando yake. Na wakati wa mvua za masika, kabla ya yote, fungueni kifuniko cha distribyuta mkifute ndani kwa kitambaa kikavu. Umande kidogo tu waweza kulilaza gari zima.

Mkiwa na plagi mkononi, itazameni rangi yake, kwa maana plagi ni kama ulimi wa mgonjwa mbele ya mganga. Rangi ya hudhurungi iliyofifia ni dalili ya afya. Masizi meusi makavu yaonyesha petroli nyingi kupita kiasi, au chujio la hewa lililoziba. Weusi wa majimaji wenye mafuta waonyesha kwamba oili yapita pasipopasa. Weupe uliokauka waonyesha joto jingi au petroli haba.

Kuhusu petroli, msione haya kuanza na tenki. Mshale wa gari kuukuu husema uongo, nasi tumewahi kuitafuta hitilafu kwa saa nzima katika gari lililokuwa na njaa tu. Kama petroli imo, chomoeni mpira unaoingia katika kabureta, mwuelekeze ndani ya chupa, kisha stata izungushwe. Petroli yapaswa kuruka kwa mapigo yenye nguvu. Ikitoka kwa kudondoka, tazameni chujio, mipira iliyopasuka, na pampu. Kazi hii ifanywe injini ikiwa baridi, uwanjani, pasipo moto wa aina yoyote.

Liko jambo jingine linalotupata sana sisi watu wa pwani. Gari laenda vizuri, lasimama kidogo juani, kisha halishiki, na baada ya nusu saa laamka lenyewe kana kwamba hapakuwa na neno. Huko ni petroli kuchemka ndani ya bomba au pampu kwa joto la injini, ikageuka mvuke ambao pampu haiwezi kuusukuma. Kitambaa kilicholowa maji, kikizungushiwa pampu na bomba, mara nyingi hutosha. Dawa ya kudumu ni kuliweka bomba mbali na chuma cha moto.

Tatu, joto, nalo ndilo adui mkubwa wa safari zetu za kwenda bara. Twaomba mtufuate kwa makini hapa. Maji ya pwani huchemka kwa nyuzi 100. Kadiri tupandavyo, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema zaidi: Nairobi ni karibu nyuzi 95, na Timboroa, iliyo juu ya bahari kwa karibu mita 2,700, ni nyuzi 91 hivi. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke ni kifuniko chake, ambacho huyafungia kwa kani. Kifuniko ambacho mpira wake umekufa chaweza kufichika hapa Mombasa miezi mingi, kisha kikatuaibisha katika mlima wa Limuru, gari limejaa watu na maiti. Watu husema injini imekufa, kumbe ni kifuniko.

Kwa hiyo gari likichemka, mtafute kwa mpango huu: maji yamepungua wapi, kifuniko ki hali gani, mkanda wa feni umekaza, rejeta imeziba kwa majani na wadudu, thamostati yafunguka au imekwama. Katika 504 kuna jambo la pekee. Feni yake haizunguki kwa nguvu wakati wote, bali hushikwa na sumaku ya umeme injini ipatapo joto, na umeme huo hupita katika kipande kidogo cha makaa. Makaa hayo yakiisha, feni huzembea, na gari huchemka katika msongamano wa mjini ilhali barabara kuu halina neno. Kipande chenyewe ni kidogo kama ncha ya kidole.

Na hapa twasema kwa sauti kuu: asifungue mtu kifuniko cha rejeta ya moto. Maji yale yamezuiwa kuchemka kwa kani tu. Kani ikiondoka, yote huruka mara moja, na uso wa binadamu hauna kipuri. Ngojeni mpaka mkono waweza kukaa juu ya rejeta. Wala msimwagie injini ya moto maji ya baridi, msije mkaipasua.

Nne, moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ipatapo joto, pamoja na maji kupungua pasipo kuvuja chini, waonyesha kwamba maji yaingia ndani ya silinda, na gasketi ya juu ina shaka. Fungueni kifuniko cha oili: mkiona utando wa rangi ya chai ya maziwa ilhali gari lafanya safari ndefu, usiendeshwe tena mpaka fundi alione. Mjue pia kwamba petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Risasi hiyo ilikuwa ikizilinda vali za magari mengine ya kale. Mwenye gari la namna hiyo na apime nafasi za vali mara kwa mara.

Tano, yale tusiyoyagusa. Breki ikishuka hata chini, au gari likivuta upande linapofunga; usukani ukilegea; oili ya breki ikipungua katika chupa yake: hayo tumeamua kwamba kazi yetu ni kuyaona na kulisimamisha gari, basi. Kuyatengeneza ni kazi ya fundi aliyefunzwa. Injini ikikosewa, gari hukataa kwenda. Breki ikikosewa, gari hukataa kusimama, na hayo mawili hayalingani. Kadhalika, asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekewe magogo imara na magurudumu yazuiwe. Wala injini isiungurumishwe ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake huua bila kelele.

Wazee wetu na ndugu wanachama, sasa tuje kwenye hesabu.

Sisi watano wa halmashauri hii tumekubaliana kuirudisha bei ya stata katika mfuko wa mazishi kwa fedha zetu wenyewe, na fungu la kwanza limekwisha kupokewa na Mweka Hazina. Stata ya zamani tulirudi tukaidai kwa fundi. Tulipoijaribu ilizunguka pasipo kosa, nayo i sandukuni kama akiba. Hilo nalo ni somo: mnunuapo kipuri, kidaini kile kilichotolewa. Betri mpya tumeiacha kazini, na ile ya zamani yawasha taa ya ofisi hii.

Twaleta maombi matatu. La kwanza, mtuidhinishie sanduku la vifaa: spana, bisibisi, koleo, kipimo cha umeme, kipimo cha nafasi za plagi na pointi, brashi ya waya, mkanda wa feni, pointi na kondensa, kifuniko cha rejeta, na galoni ya maji. Orodha na bei zake ziko mezani kwa Katibu. La pili, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi gari lifunguliwe boneti uwanjani, na vijana wenu, wa kiume na wa kike, waje wajifunze chini ya yule mzee wetu, ambaye amekubali na hataki ujira ila chai. La tatu, daftari la gari lisomwe katika kila mkutano wa miezi mitatu, ili siku moja asiwepo mtu wa kusema “hatukujua”.

Tumesikia wanaosema gari liuzwe. Twawaheshimu, nao wana haki ya kupiga kura. Tunachoomba ni kwamba, kabla ya kuhukumiwa, gari liulizwe kwanza ugonjwa wake, kama mzee wetu alivyotuuliza sisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tulijenga kuta mbili ambapo ufa ulikuwa mkanda mmoja wa waya.

Yule mtoto aliyezaliwa katika pikapu ya mboga hajajua kutembea bado. Ni nia yetu kwamba atakapohitaji kupelekwa popote usiku, ufunguo ugeuzwe mara moja na gari liitike.

Twaomba radhi kwa yaliyopita.

Ni sisi watumishi wenu,
Halmashauri Ndogo ya Gari